Glasi Kumi na Moja za Mrehani

2 Septemba

Wifi yangu, Bi Masjala,

Barua yako imefika ikiwa imeloa pembe moja, nikaianika juu ya jiko kama samaki. Kurasa mbili, na zote zinasema jambo moja: mdogo wangu hamjui mtu. Si wewe mkewe, si daktari, si jirani anayemletea gazeti. Umesema ulimwonyesha picha yangu akaigeuza kutazama nyuma, kama mtu anayetafuta bei. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Sasa sikia yangu. Wamenipa kibali cha kuvuka mpaka nije nyumbani. Miaka arobaini na mitatu nimesimama kwenye foleni zao, na juzi karani mmoja mwenye mafua, karani kama ulivyokuwa wewe, akanigongea mhuri bila hata kuinua macho. Siku kumi, mwezi wa Januari, safari moja, hairudiwi. Nina miaka sabini na minne. Safari ya pili sitaiona.

Nataka kitu kimoja tu, na nakitaja mapema tusije tukazungushana: nataka mdogo wangu anitambue. Si lazima akumbuke lolote. Aseme tu, "Chiriku." Mara moja, mimi nikiwa nasikia.

Nimefikiri namna. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye mitano. Nilipata kazi kwenye banda la kutia samaki chumvi, na jioni nikirudi alikuwa akilia kwa uvundo wangu, hataki nimbebe. Basi nikawa napita nyuma ya nyumba, nachuma mrehani, najisugua mikono, shingo na nywele mpaka samaki wote wamenyamaza. Ndipo naingia. Kwa miaka mingi hakunijua kwa sura; alinijua kwa pua, tokea mlangoni.

Ule mrehani niliokutumia mbegu zake kwenye bahasha, bado upo? Kama upo, chukua majani matatu, yafikiche kiganjani, umsogezee. Usiseme kitu. Kisha niandikie, na uandike kila kitu, maana najua wewe hata kikohozi hukiwekea tarehe.

Wifi yako,
Chiriku

*

19 Septemba

Wifi Chiriku,

Hongera ya kibali. Nilisoma barua yako nimesimama jikoni na maziwa yakamwagika.

Mrehani upo, kwenye beseni nje, nyuma ya jiko. Nilifanya ulivyoagiza, Jumatano saa kumi alasiri. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ameshika ile sahani ya mizani ya shaba anayoizungusha mkononi siku nzima. Unajua tena fundi mizani, hata akili ikiondoka mikono hubaki kazini. Nikaosha mikono, nikafikicha majani matatu, nikamsogezea. Nikahesabu mpaka ishirini. Akainua kichwa, pua ikitangulia, akasema:

"Chiriku. Umechelewa. Chai imepoa."

Hayo ni maneno yake ya kwanza tangu mwezi wa tano. Nikakaa sakafuni. Nikamwambia, "Mimi si Chiriku, mzee. Mimi mkeo." Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyekosea mlango. Akarudi kuizungusha sahani yake.

Kwa hiyo njia umeipata. Tatizo ni hili. Baridi ya huku huingia mwezi wa kumi na moja, na mrehani hauna subira nayo: baridi kali ya usiku mmoja, kesho yake umekuwa mweusi kama makapi ya chai. Nikaona nijaribu mapema. Nilichuma shada, nikaliosha, nikalifunga kwa taulo bichi, nikaliweka kwenye friji. Siku ya tatu lilikuwa jeusi na linateleza. Jingine nimelikausha juu ya kabati. Linanuka kama nyasi za ng'ombe. Nilimpelekea hata hivyo. Akapiga chafya.

Kutoka leo mpaka uje ni wiki kumi na saba. Nifundishe namna ya kuutunza ukiwa mbichi.

Wifi yako,
Bi Masjala

*

4 Oktoba

Wifi yangu,

Friji! Umetunza majalada ya ofisi nzima miaka thelathini, hakuna hata moja lililoota ukungu, halafu shada la mrehani linakushinda. Nimecheka mpaka jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio. Mrehani ni mtoto wa jua. Kuutia kwenye friji ni kama kumvua mtoto nguo ukamsimamisha nje.

Lakini ile "Chiriku, chai imepoa", hapo hukunichekesha. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima.

Haya, kaa chini, shika kalamu. Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijachoma. Kata vitawi virefu kama kiganja chako, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea. Ukiona mchomozo wa ua ung'oe bila huruma. Mrehani ukishachanua hujiona umemaliza kazi, na majani hugeuka machungu. Usiuloweshe majani. Nyofoa ya chini, simamisha vitawi kwenye glasi ya maji kama maua ya mgeni, funika juu kwa mfuko wa nailoni uliolegea, weka dirishani pa ndani, mbali na friji, mbali na jiko. Badilisha maji kila siku ya pili. Siku ya nane au ya kumi utaona vinyuzi vyeupe chini: hiyo ni mizizi. Sasa una mrehani mwingine. Ukirefuka ukate, utie kwenye glasi nyingine. Hivyo hivyo mpaka nije. Shina moja humzaa mwenzake kabla halijafa.

Kwa akiba: majani mengine yatose kwenye maji yanayochemka, hesabu tano tu, yatie kwenye maji ya barafu, yakamue, yaponde na mafuta, ujaze trei ya barafu, uweke friza. Friza, si friji. Mengine yapange kwenye chupa ya mdomo mpana, tabaka la jani, tabaka la chumvi. Hayo hayatakuwa mabichi, ila harufu yake si ya uongo. Na mafuta usiyaache kabatini kamwe. Mpishi mwenzangu wa bwenini aliacha majani na kitunguu saumu ndani ya mafuta wiki mbili. Yaligeuka sumu, wala hayakunuka vibaya. Wanafunzi wanne walilazwa.

La mwisho ndilo kubwa, nalipigia mstari. Harufu hiyo mpe wakati wa raha tu. Akiwa ameshiba, amekaa vizuri, jua limemwangukia miguuni. Usimkaribishie wakati wa dawa, wala wa kuoga, wala ukimsafisha kile kidonda cha kisigino. Alipokuwa na miaka sita nilimpa dawa ya minyoo ndani ya ndizi ya kuponda. Mpaka naondoka nyumbani, yeye ana miaka ishirini na minne, ndizi ikimenywa chumba cha pili alikuwa anatoka nje. Pua yake ikishachapwa na kitu haisamehe. Nakusihi.

Chiriku

*

27 Oktoba

Wifi,

Nina glasi kumi na moja. Nimezipanga dirishani mwa chumba cha kulia na kila moja nimeibandika karatasi yenye tarehe, najua utacheka. Ya kwanza ilitoa mizizi siku ya tisa, ya nne siku ya saba. Moja tu ilioza, sikubadilisha maji kwa wakati. Friza ina trei tatu. Chupa ya chumvi ipo chini ya sinki, gizani. Beseni la nje limeshaanza kunyauka, lakini sasa halinitishi.

Kila siku saa kumi, akishakunywa chai, namkalia mbele na majani. Anaongea, wifi. Ameniambia habari ya paka aliyezaa ndani ya kofia ya baba yenu. Ameniambia mlivyolala kitanda kimoja miguu kwa kichwa. Ananiuliza kama kazini samaki ni wengi. Miaka arobaini na miwili ya ndoa na sikuwahi kujua kwamba anaogopa bata. Bata!

Anaongea na Chiriku lakini, haongei nami. Nikisema "mimi mkeo" ananyamaza na saa yote inapotea, basi siku hizi sisemi. Najibu kama wewe. Nimekuwa hodari: nasema haraka haraka na kucheka kabla sentensi haijaisha, kama yeye alivyokuwa akikusimulia. Jirani wa gazeti alitusikia akasema, "Mama, leo una mgeni?"

Swali dogo. Juzi alisema, "Chiriku, katika ile barua yako ulisema kweli kabisa kuhusu yule karani." Nikamwuliza barua ipi. Akacheka na kunipigapiga mkono. Ni barua ipi hiyo?

Wifi yako,
Bi Masjala

*

14 Novemba

Wifi yangu mpenzi,

Glasi kumi na moja! Nimemsimulia kila mtu sokoni. Bata ni kweli, alimrarua kaptula mbele za watu akiwa na miaka saba.

Kuhusu barua, usijisumbue. Mgonjwa wa namna hiyo huokota mambo huku na kule akayashona pamoja. Nilimwandikia barua nyingi miaka ile. Huenda nilisema una mwandiko mzuri.

Ila naomba usiongee sana kwa niaba yangu. Nisamehe, najua unafanya kwa wema. Mwache aninuse tu, anyamaze, apate hamu. Ukimjibu kila kitu wewe, mimi nikija nitamwambia nini? Wewe huko ni mikono yangu. Mikono haina haja ya kusema.

Zibadilishie maji.

Chiriku

*

3 Desemba

Wifi,

Nimepata jibu la swali langu, kwa hiyo usitafute tena.

Jumapili nilimwuliza kwa sauti yako: "Hebu nikumbushe, mdogo wangu, kwenye ile barua niliandika nini?" Akafumba macho. Daktari anasema waliopotewa na jana mara nyingine huyabeba ya zamani mazima mazima. Alisoma kana kwamba ameishika mkononi:

"Mchukue yule karani. Sura yake haitakunyima usingizi wala hakuna atakayekunyang'anya. Ana mgongo wa kubeba. Nyumba inataka mtu wa kuitunza mpaka nirudi, na mimi nikirudi tutaona."

Nikacheka kabla sentensi haijaisha, unavyocheka wewe. Nikamwuliza, "Na ukaja ukampenda?"

Akasema, "Chiriku nawe! Mtu huipenda meza? Huiegemea."

Alisema kwa upole, wifi. Hakuwa na ubaya wowote. Ndiyo maana nimeamini.

Halafu akaniuliza, "Bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema, "Basi tusiongee kwa sauti, asije akaumia." Huo ndio wema wake wote kwangu kwa miaka arobaini na miwili, na ameutoa akidhani sisikii.

Lakini usikunje moyo. Yamepita. Mrehani unastawi kuliko wakati wowote. Nimeona hakuna sababu ya kuutumia mara moja tu kwa siku na mimi ninao mwingi hivi, kwa hiyo kuanzia kesho naongeza: asubuhi, mchana na jioni. Sitaki jani lolote lipotee bure.

Mke wa mdogo wako

*

20 Desemba

Wifi yangu,

Nilikaa na barua yako siku mbili. Sasa nitasema kweli, kwa kuwa uongo umeshindwa. Ndiyo, niliandika. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nalala kwenye ukumbi wa watu sitini, na mdogo wangu yuko peke yake katika nyumba yenye vyumba vitano na funguo sita. Msichana mzuri angemwacha au angemfilisi. Nilikuona mara moja tu kabla sijaondoka, pale kwenye dirisha la masjala: ulimrudisha mzee mmoja foleni kwa sababu fomu yake haikuwa na tarehe. Nikasema, huyu. Huyu hatachoka.

Sasa niulize, nilikosea? Umechoka? Wanawake waliopendwa nawajua wengi. Wapo hapa kwenye jengo letu, kila mmoja na chumba chake na redio yake. Wewe una mume. Nadhani hatimaye utaona nilikufanyia hisani.

Tuyaache. Nafika tarehe kumi na nne, basi la saa nne asubuhi. Niwekee vitawi vitatu vilivyo bora, nijisugue mwenyewe pale mlangoni kabla ya kuingia. Na naomba jambo, usinielewe vibaya: siku ya kwanza ukae nje. Kwenye ngazi, au kwa jirani. Nataka asione mtu mwingine ila mimi. Wewe umekuwa naye miaka yote hiyo; mimi nina siku kumi.

Furaha ya mara tatu kwa siku nimeipenda. Mzoeshe, mzoeshe.

Chiriku

*

3 Januari

Wifi,

Vitawi vitatu vipo, vya glasi ya saba, ndivyo vyenye majani mapana zaidi. Amezoea kabisa. Nitakaa kwenye ngazi.

Mke wa mdogo wako

*

30 Januari

Wifi yangu,

Nimefika salama, miguu imevimba. Naandika mapema kwa sababu niliondoka bila kukushukuru vizuri. Ulinikuta nalia stendi ukanipa leso, na basi likaondoka.

Nataka kuyaandika mara moja kisha nisiyataje tena. Pale mlangoni nilijisugua mikono, shingo na nywele, kama zamani. Nikasikia kile kitasa, wifi, sauti ile ile. Nikasema moyoni, sasa. Alikuwa dirishani, mgongo kwangu. Nilisimama nikangoja harufu imfikie. Nikaona mabega yanapanda. Nikadhani ni furaha.

Aligeuka na uso ambao sikuwahi kumwona nao, hata Mama alipokuwa anazikwa. Akaanguka kutoka kwenye kiti, akatambaa mpaka kwenye kona ya kabati na ukuta, akajifunika pua na shati. "Siumwi," alisema. "Siumwi tena, tafadhali. Nimepona. Tazama, nimepona." Na alikuwa amejikojolea.

Nikamwambia, "Ni mimi, Chiriku, ni dada yako," nikamsogelea, na kila nilivyosogea ndivyo alivyopiga kelele. Akaniuma hapa chini ya kidole gumba. Bado pana alama.

Na mimi mjinga nikafikiri harufu haijatosha. Kesho yake nikajipaka zaidi. Siku ya tatu nikatumia hata ule wa friza, mpaka mafuta yakanichuruzika kwenye mikono ya gauni. Siku zote kumi niliishi ndani ya nyumba moja na mdogo wangu, na siku zote kumi alikuwa ananikimbia chumba hadi chumba, mzee mzima, ameegemea kuta. Siku ya mwisho nilimtazama kupitia ufa wa mlango akiwa amelala. Hiyo ndiyo ziara yangu.

Nimemwuliza daktari wa hapa, amesema ugonjwa huwa unahama, kinachopendwa leo kesho kinaogopwa. Hapana wa kulaumiwa. Wewe ulifanya kila nilichoomba, tena kwa herufi na nukta. Niliona glasi zako na karatasi zake za tarehe, nikaona aibu kwa yale niliyokuandikia mwezi wa Desemba. Nisamehe. Ulikuwa na haki ya kuniacha nje kwenye ngazi mimi.

Chiriku

*

17 Februari

Wifi,

Daktari wako anakosea, na mimi sipendi kumbukumbu isiyo sahihi ikae kwenye faili.

Ulinipigia mstari mwenyewe. Usimkaribishie wakati wa dawa, wala wa kuoga, wala wa kidonda. Nilikuwa nimeibandika barua hiyo ukutani juu ya glasi. Kuanzia tarehe nne Desemba nilifanya yote matatu. Asubuhi kabla ya ile dawa chungu, majani manne chini ya pua, kisha kijiko. Mchana kabla ya kuosha kidonda cha kisigino kwa spiriti, majani manne, kisha spiriti. Jioni kabla ya maji ya kuoga. Siku arobaini, mara tatu kwa siku. Sikumwongezea maumivu hata chembe. Yote ni yale yale aliyoandikiwa na daktari. Niliyapa tu harufu.

Siku ya sita aliacha kusema Chiriku. Siku ya kumi na moja alianza kutetemeka nikifungua mfuko wa nailoni. Mwanzoni mwa Januari nilipita na glasi moja koridoni, mlango umefungwa, nikamsikia akiomba msamaha.

Nilikaa kwenye ngazi kama ulivyotaka. Nilisikia yote. Siku ya tatu ulipotoka na kuniuliza, "Ipo mingine? Nipe mingine," nilikupa. Nilikufungulia friza kwa mkono wangu.

Nilidhani nitasikia raha. Nilisikia, sikufichi. Ilidumu mpaka basi lilipopinda kona.

Sasa nisikilize, maana barua hii sikuiandika kwa ajili ya kukiri. Mrehani wote nimeutupa. Madirisha nimeyaosha kwa sabuni na majivu. Ametulia, hatetemeki, anakula. Lakini hasemi, wifi. Tangu uondoke hajasema neno hata moja kwa mtu yeyote. Ile sahani ya mizani ameiacha. Nimejaribu nyimbo, nimejaribu picha, nimejaribu kuita jina lake kwa sauti yako na kwa yangu. Ananitazama kama ukuta unavyotazama. Jirani wa gazeti haji siku hizi, mkewe anamkataza tangu zile kelele. Nyumba ina vyumba vitano, na nazijua nyayo zangu kila chumba zinavyolia.

Alipokuwa ananiita kwa jina lako nilidhani ninatukanwa. Ilikuwa saa moja kila siku, na katika saa hiyo kulikuwa na mtu anayefurahi nikiingia chumbani. Sikuwahi kuwa na saa hiyo kabla, na sikuijua mpaka nilipoifunga.

Wewe ulimlea. Lazima kipo kitu kingine: chakula, wimbo, kitambaa, neno mlilokuwa mkiambiana. Chochote kitakachomfungua mdomo. Simtaki anijue mimi. Aniite Chiriku, aniite meza, aniite samaki, sijali tena. Anisemeshe tu. Nikaripie utakavyo lakini niandikie, na uandike upesi, daktari amesema kifua chake si kizuri.

Ndimi mke wake

*

9 Machi

Bi Masjala,

Kipo.

Si chakula wala si wimbo. Ni kitu kidogo, kimo humo humo ndani ya nyumba, unakipita kila siku na kitambaa chako cha vumbi. Ukikishika na kumpa mkononi, mdogo wangu atafungua macho na kuongea mpaka umwombe apumzike.

Sikuambii.

Chiriku